Sabuni ya Vipimo Vyako

Mwembesongo, Jumamosi jioni

Skola mwanangu,

Salamu za kukuuliza hali naziruka, maana chai ya asubuhi tumekunywa meza moja na wali wa mchana umenipakulia mwenyewe. Saa hizi uko kwa Mama Zaituni unasukwa nywele za safari, na kwa ninavyomjua Mama Zaituni, mdomo unafanya kazi kuliko vidole, kwa hiyo nina kama saa mbili. Nimekaa mezani na kalamu yako ya shule. Mwandiko wangu unaujua, ni wa fundi muashi aliyezoea kuandika vipimo ukutani kwa penseli. Univumilie.

Habari za chandarua, za kutokula vya barabarani na za kuficha simu kwenye basi sitazigusa. Shangazi yako Tekla amekwisha kuzisema zote, nyingine mara mbili, na leo asubuhi kapiga simu kuzirudia. Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo tangu mwezi wa kwanza, tangu siku ile ya sabuni, na kila nikitaka kulisema mdomo unauliza kama umekula. Umewahi kujiuliza kwa nini mwaka huu baba yako amekuwa akikuuliza sana kama umekula? Ndiyo hiyo sababu.

Nianzie pale ambapo wote wawili tunakubaliana. Ulikuwa umemaliza mtihani wa kidato cha nne, unasubiri matokeo, na ulikuwa unazunguka humu ndani mpaka unanichosha. Ukaenda kwenye yale mafunzo ya siku moja ya wasichana pale parokiani, ukarudi na daftari. Sikuwa nimekuona na uso ule wa furaha tangu mama yako afariki. Ukaniambia utatengeneza sabuni za mapambo, zile za kuwekwa kwenye vikapu vya zawadi za sendofu za mabibi harusi, zenye tabaka za rangi na maua juu. Ulikuwa umechora na mchoro kabisa: tabaka nyeupe chini, ya njano ya unga wa manjano katikati, ya kahawia ya mdalasini juu. Ukasema ni milima yetu, imelaliwa na ukungu miguuni. Mimi nikacheka, nikasema nani anaogea mlima? Ukaninunia hadi jioni.

Vipimo uliviandika ukurasa wa nne. Mafuta ya nazi kiasi fulani, mawese kiasi fulani, maji, na kostiki, ile soda kali ya sabuni ambayo mama wa Kihindi wa dukani mjini alitufungia mifuko miwili na kutuonya kama tunabeba nyoka. Ulikwenda kuazima mzani kwa muuza nyama. Ukapima, ukafuta, ukapima tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na moyoni nasema, huyu mtoto anachelewa nini, mimi nyumba za watu nimezijenga kwa kukadiria na hazijaanguka.

Kostiki uliiacha kavu kwenye ndoo ya plastiki, maji yako kwenye jagi pembeni. Ukatoka kwenda kuchukua maboksi ya maziwa uliyowaomba majirani, yale ya kumiminia. Kabla hujatoka ukaniambia nisiguse. Nikasema sigusi. Ukafika mlangoni, ukageuka, ukaniambia, "Baba, na kama nikichelewa, kostiki ndiyo inaingia kwenye maji. Si maji kwenye kostiki."

Ukasema tena, pole pole, kama mtu anayemwelekeza mtoto dukani. "Kostiki ndiyo inaingia kwenye maji."

Nikakujibu kwamba mimi ni fundi.

Skola, fundi wa saruji anachanganyaje? Unaijua, umekuja kuniletea chakula saiti mara ngapi? Tunapiga lundo, tunafungua kisima katikati, tunamwaga maji kisimani. Miaka ishirini na sita nimefanya hivyo, mkono haungoji kuambiwa. Nilitaka urudi ukute kazi imesogea. Nilitaka uone kwamba baba naye anaweza mambo yako ya kisasa. Nikachukua kijiti, nikafungua kisima katikati ya kostiki, kizuri kabisa cha mviringo, nikamwaga maji ya jagi lote.

Yaliyofuata unayakumbuka kwa ngozi yako. Ndoo ilinguruma. Ikaanza kutema, moshi ukanijaa kifuani, nikapiga kelele nikikuita. Ukaja mbio. Ukaona kwamba ndoo iko juu ya meza karibu na jiko, ukaishika kuitoa nje, ikatema ikakumwagikia mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi hapo unapofunga saa.

Na mimi? Nilisimama. Kijiti kiko mkononi. Mwanaume mzima nimewahi kumshusha mwenzangu kwenye jukwaa amevunjika mguu, nikamfunga na mbao, nikambeba mgongoni. Siku ile miguu ilikataa. Ni wewe uliyekimbia kwenye pipa la maji ya mvua, ukachota kwa kopo, ukajimwagia, ukajimwagia, unalia na unahesabu. Nilikusikia unahesabu makopo. Ulipozidi hamsini ndipo nilipokumbuka kwamba nina miguu, nikaja kukushikia kopo. Halafu, nikiwa nimeshika kopo hilohilo, nikasema neno ambalo sijui lilitoka wapi. Nikasema, "Kostiki yako ilikuwa nyingi mno, Skola."

Ulinitazama kidogo tu. Ukasema labda ulikosea kusoma mzani.

Hukuuliza nilichanganyaje. Uliniamini tu kwamba nilifanya ulivyosema.

Hospitalini nesi alikufungua kitambaa akatikisa kichwa, akasema aliyemmwagia huyu mtoto maji mengi ndiye aliyemwokolea mkono, wengi wanapaka dawa ya meno na asali wanakuja wameharibika. Akanitazama mimi. Akasema hongera, baba. Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu anayepokea hongera yake. Wewe ulikuwa umefumba macho kwa maumivu, sijui kama ulisikia. Kwa hiyo ndani ya siku moja nilikuvisha kosa langu na jioni nikavaa sifa yako. Nimeiandika hiyo sentensi, nimeiangalia, na nimeona nisiifute.

Hapo ningeweza kurudi nyuma. Usiku uleule nilijua. Ulipokuwa umelala nilikaa kitandani nikaikumbuka sauti yako mlangoni, mara ya kwanza na mara ya pili, nikaona kisima changu cha mviringo. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho yake kabla ya saa nne mjomba wako Deo akawa amefika kutoka Kinole na mkungu wa ndizi begani.

Wewe umezaliwa mjini, mambo ya kwetu unayasikia kwa juujuu. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba ni baba, anaheshimiwa, lakini mtoto akipatwa na jambo, mwenye kuuliza ni mjomba. Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka tisa, na Deo angeweza kukuchukua siku ya arobaini, hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Aliniachia. Aliniambia mbele ya watu kwamba mtoto ni wao, kwangu yupo kwa kulelewa, na siku nikishindwa nisione haya kusema. Hayo maneno nimekaa nayo miaka yote. Kila ulipougua malaria niliogopa malaria halafu nikamwogopa Deo.

Basi akakaa pale kwenye kiti cha mbao, akakataa chai. Akanisalimia kwa Kiluguru, taratibu, salamu yote bila kuruka kitu, na nikajua hapo pana shauri. Akauliza, "Shemeji, mtoto wetu ameunguzwa na nini?"

Ningesema kweli, ungepanda naye mlimani siku ileile. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Niliiona nyumba hii bila wewe, kile chumba chako na kanga zako hazipo kwenye kamba, nikajiona nakula ugali nimesimama. Nikasema ulipima vibaya.

Deo akakugeukia. Wewe mkono umefungwa umeuinua kifuani. Akakuuliza kama ni kweli. Nikaangalia sakafu, sakafu niliyoimwaga mwenyewe, ina ufa mdogo karibu na mlango. Ukasema, "Ndiyo, mjomba. Nilikosea vipimo."

Akakushauri uache mambo ya kemikali, akala ndizi mbili, akaondoka na basi la mchana. Nami nikashusha pumzi. Nikaona nimekuokoa.

Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeishi na huo msemo mdomoni, nimekuchapa nao mara nyingi bila fimbo. Hakuna aliyenifundisha la mkuu asiyesikia la mdogo. Huyo guu lake linabaki zima. Linalovunjika ni la mdogo.

Matokeo yakatoka. Nakumbuka uliniletea simu nisome mwenyewe. Kemia ulikuwa umepata alama iliyomfanya mwalimu wako anipigie kunipongeza, akasema huyu apelekwe sayansi asicheleweshwe. Ukachaguliwa sayansi kweli. Ukakataa. Nikakuuliza kwa nini, na huo ndio ulikuwa mlango wazi kabisa, Mungu mwenyewe ameufungua na kuweka jiwe usijifunge. Ukaniambia, "Baba, mimi nikipima kitu kinaunguza watu. Karatasi haiunguzi mtu."

Nikasema sawa. Nikasema karatasi ni kazi safi. Nilisema hivyo, Skola, wewe unaniangalia usoni. Nadhani ulikuwa unangoja nikubishie.

Ndiyo maana kesho unakwenda Tabora kujifunza kutunza majalada ya ofisi. Sina neno baya juu ya majalada. Nchi hii mafaili yanapotea kila siku, wanahitaji mtu kama wewe. Ningekuwa na raha kabisa kama ungekuwa umechagua. Hukuchagua. Ulikimbilia huko kwa sababu ya kosa ambalo si lako.

Mwezi wa nane nilikwenda kwa yule mwalimu wako wa kemia. Sikumwambia yote, nilimwuliza tu kama ile nafasi yako bado inaweza kuombwa. Akasema alishaandika, na akaambiwa muda umepita, amepewa mwingine. Akaniuliza kulitokea nini. Nikasema mtoto alipata woga. Nikatoka pale nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, na jua lile la Morogoro unalijua. Nyumba nikikosea ukuta naubomoa asubuhi, jioni umesimama mwingine. Hili sijui naanzia kugonga wapi. Ndugu zangu wote mafundi, hakuna wa kumwuliza.

Sasa nikwambie kitu nilichofanya, halafu unaweza kunicheka, nakupa ruhusa.

Wiki tano zilizopita, ulipokwenda Gairo kwenye harusi ya binamu yako, nilichukua daftari lako. Nilikuwa nimelificha chini ya godoro langu tangu siku ile. Nikafungua ukurasa wa nne. Nikaenda kwa yule mama wa Kihindi, akanikumbuka, akauliza mkono wa binti unaendeleaje. Nikasema umepona, umebaki alama. Akanifungia kostiki halafu hakuiachia. Akaniambia nimweleze kwanza naingiza nini kwenye nini. Pale mbele ya wateja, mzee mzima, nikasema kama mtoto wa chekechea: kostiki kwenye maji. Akaniachia.

Nikaazima mzani uleule kwa muuza nyama. Nikapima ulivyoandika, kila namba, sikuzidisha wala sikupunguza. Nilivaa glovu na miwani ya kukatia vigae. Nikaweka maji kwanza. Nikanyunyiza kostiki kidogo kidogo, nikangoja ndoo iningurumie. Haikunguruma. Ilipata moto tu ikatulia, maji yakawa meupe halafu yakawa angavu. Nikakaa chini palepale uani.

Nilikuwa nimetumaini, Skola, na hili nalisema kwa aibu, sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inaomba ndoo iteme. Ingetema, basi vipimo ni kweli vilikuwa vibaya na mimi nimebeba mzigo usio wangu. Haikutema. Vipimo vyako vilikuwa sahihi tangu siku ile.

Nikamimina mafuta, nikakoroga kwa mwiko mpaka bega likauma, mpaka uji ukawa mzito ukaacha mistari juu, kama ulivyoandika. Tabaka zikanishinda. Ukuta wangu haujawahi kupinda, lakini milima yako imelala upande mmoja. Manjano nilipoyatia yaligeuka mekundu kama matofali, nikadhani nimeharibu tena, nikaenda kujifungia chumbani. Kesho yake yakawa ya chungwa. Mdalasini ni wa Kinole, wa kwao mama yako. Yale maua ya waridi niliyopanga juu yamekauka yakawa rangi ya tumbaku, hilo daftari lako halikusema, labda hata mwalimu wa parokiani hajui. Nikakata vipande tisa kwa uzi wa kupimia ukuta.

Halafu nikavificha juu ya kabati langu, kwa sababu daftari linasema sabuni lazima ikae wiki nne au zaidi ndipo ukali uishe. Nikajiambia zikikomaa nitamwambia. Unaona tabia ya baba yako? Hata ukweli ninautafutia tarehe. Wiki nne zimekwisha, nikangoja na ya tano. Na hiyo ndiyo wiki uliyokuwa unapanga nguo zako kwenye begi, na kila jioni ulikuja kuniuliza kama nimeiona ile sweta yako ya bluu, na kila jioni nikakujibu habari ya sweta.

Asubuhi ya leo nimenawa na kipande kimoja. Unaijua mikono yangu ilivyoliwa na saruji, kitu kikali kidogo tu huwa naruka. Haikuwasha hata kidogo. Ilitoa povu mpaka nikasahau kufunga bomba.

Mpango wangu ulikuwa kukufungia vipande nane kwenye gazeti na kuisukuma barua hii chini yake, uikute ukiwa umeshapita Dodoma. Nimeandika kurasa zote hizi nikiwa na mpango huo. Lakini nikifanya hivyo nitakuwa nimesimama tena na kijiti mkononi, na wewe peke yako huko kwenye basi unajimwagia maji. Kwa hiyo nimebadilisha. Nitakupa mkononi ukiingia, na nitakaa hapa mezani wakati unasoma. Ukitaka kunifokea, nifokee nikiwa karibu. Ukitaka kulala kwa shangazi Tekla leo, nitakubebea begi mpaka kwake. Kesho asubuhi nitakuwa stendi ya Msamvu hata kama hutanipungia.

Jumapili ijayo nitapanda Kinole kumwambia Deo. Sijui atanijibu nini. Nilimdanganya ili usiondoke nyumbani kwangu, na kesho unaondoka vilevile, na unaondoka umeumia. Hata hilo sikulipata.

Sikuombi unisamehe leo. Sina namna ya kukurudishia mwaka wako, na nimejaribu kila ninachokijua, na ninachokijua ni saruji. Sijui kama Tabora wana watu wanaofundisha kemia, sijui kama ukimaliza majalada mtu anaweza kurudi. Wewe unajua kuuliza kuliko mimi. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kimoja, na nina vipande vinane vya ushahidi juu ya kabati.

Geti limelia. Namsikia Mama Zaituni bado anakusemesha na wewe unacheka. Nitaacha hapa.

Kostiki ndiyo inaingia kwenye maji, mwanangu. Uliniambia mara mbili.

Baba yako